Mikunjo ya Vidole

Jirani yangu ni msusi. Aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na hata baada ya plasta kutolewa, mkono ulibaki umevimba kama wa kuazima. Mchana kutwa hukaa kibarazani, ameulaza juu ya mito, ukiwa juu kuliko kifua, akifumba na kufumbua vidole polepole, kama mtu aliyechoka hata kuitikia pole. Wateja wake hupita wamesukwa kwingine, yeye huwasifu. Jioni mumewe humkanda kutoka vidoleni kuelekea kiwikoni. Jana mke alimzuia.

“Baba Pacha, hebu tazama.” Kwenye viungo vya vidole, mikunjo midogo iliyomezwa na uvimbe ilikuwa imerudi. “Nimeanza kuzeeka tena.”

“Karibu. Mimi nilitangulia,” akajibu mumewe, akaendelea kukanda.