Ndege wa Kumi na Mbili

Wifi yangu hajui kukaa. Nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na minne, mitano ya mwanzo kaka yangu akiwa hai na tisa akiwa hayupo, na sijawahi kumwona amemaliza kikombe cha chai kwenye kiti kile kile alichoanzia. Atainuka kunyoosha pazia. Atainuka kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa, na umefungwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni ya kukaa kitako, na kumtazama tu kunanichosha miguu.

Mtaani wanamwita Mama Gundi. Hakuna nyumba ya jirani ambayo hajaunga kitu: mkono wa kikombe, kifuniko cha birika, na sanamu moja ya mbwa ambayo kwa maoni yangu ingeachwa ivunjike kwa amani. Kazini kwake, kwenye jumba la makumbusho, ana cheo kirefu kilichoandikwa mlangoni, lakini kazi ni hiyo hiyo. Vinaletwa vimevunjika, yeye anaviunga.

Hakusomea. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye alikulia nyuma ya tanuri, anakanda udongo kwa miguu kabla hajaanza shule. Alipoolewa na kaka yangu akaacha vyungu, maana nyumba yetu haina uwanja hata wa kuanikia soksi, akapata kazi ya kufagia pale makumbusho. Siku moja mwenzake wa usafi akaangusha bakuli la watu wa kale. Vipande ishirini na saba. Wakubwa walikuwa bado wanatupiana mpira nani aandike barua ya kujieleza, wifi ameshapiga magoti sakafuni, anapanga vipande kwa kufuata alama za vidole vya mtu aliyelifinyanga. Fundi wa siku nyingi aliyekuwa anakaribia kustaafu akasimama kumtazama kwa dakika kama kumi, kisha akamwambia aweke ufagio chini.

Hapo ndipo alipoijua dunia. Hajawahi kuvuka mpaka wowote, lakini mikononi mwake vimepita vigae vya buluu kutoka kwenye kuta za mbali, vikapu vilivyosukwa kwa mizizi, vinyago, milango ya kuchongwa, vitambaa vilivyofumwa na watu ambao hata lugha yao imekufa. Akirudi nyumbani anawasengenya mafundi wa vitu hivyo kama majirani zetu. "Yule wa bakuli la kijani mvivu," ananiambia huku anasogeza meza. "Juu kasugua vizuri, chini kaacha hivyo hivyo. Alijua hakuna atakayepindua." Au: "Mchongaji wa ule mlango aligombana na mtu kazi ikiwa katikati. Upande wa kulia patasi imeingia kwa hasira." Mimi namwambia anatia chumvi. Hajali.

Kazi yao ina masharti mawili, nami nayajua yote kwa kuyasikia mezani. La kwanza, kiraka kionekane. Mtu akiwa mbali asikione, akisogea karibu akione, asije akadhani ni kazi ya yule wa zamani. La pili, chochote unachoongeza kiweze kuondolewa, na kiandikwe kwenye kadi ya kitu hicho: nini, lini, nani. Mimi nikitia kiraka nataka kisionekane hata na mwenye suruali, kwa hiyo kwenye hilo la kwanza tulibishana miaka.

Sasa, habari ya mtungi. Uliletwa ukiwa umevunjika, kutoka nchi ambayo jina lake linanishinda kulitamka. Mkubwa, tumbo pana, mabegani umezungushiwa ndege weusi wa kuchorwa, wanafuatana, wote wanatazama kushoto. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili kipande chake kilipotea zamani. Wifi akaupindua mtungi mdomo chini kwenye sanduku lake la mchanga ili usiyumbe, akaziba pengo kwa plasta, akalaza karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga juu ya ndege jirani, akamnakili, akamhamishia kwenye plasta. Kisha akapaka rangi.

Ilikuwa Ijumaa. Kaka yangu alikuwa na wiki ya pili hospitalini, na simu ya wifi ilikuwa mezani karibu na brashi. Alipousimamisha mtungi akaona alichofanya. Karatasi aliilaza upande usio wake. Ndege wa kumi na mbili alikuwa anatazama kulia, peke yake, ana kwa ana na mwenzake aliyekuwa anakuja nyuma. Tena rangi ilikuwa imekubali kupita kiasi, hata yeye ilimbidi asogeze taa ndipo aone mpaka wa kiraka. Akasema Jumatatu atafuta aanze upya. Kadi akaiacha tupu, kwa sababu huandiki kazi ambayo hujaimaliza. Jumapili kaka yangu akafariki.

Aliporudi kazini baada ya wiki tatu, mtungi ulikuwa umeshapigwa picha na kupandishwa rafu ya juu kabisa ya stoo, na meza yake imejaa vingine. Haya yote mimi sikuyajua wakati ule. Niliyemjua mimi ni Daktari.

Daktari si wa sindano, ni wa vitabu. Alikuja makumbusho akiwa mwanafunzi, mwembamba, begi limemzidi uzito, anatafuta kitu cha kuandikia utafiti wake. Wifi, ambaye hakujaliwa mtoto, akamleta nyumbani ale. Akala, akarudi Jumapili iliyofuata, na hajaacha mpaka leo. Anamwita wifi mama, na wifi humtengea minofu ambayo mimi mwenye nyumba siioni. Huyo ndiye aliyeuona mtungi stoo na ndege aliyegeuka.

Miaka sita tumekula na huyo ndege. Daktari alikuwa anasema wenzake wote wanakwenda mbele, mmoja tu amegeuka, anamtazama aliyebaki nyuma. "Mtu hafanyi hivi kwa bahati mbaya," alitwambia, kijiko kikiwa hewani. "Hii mikono ilikuwa na msiba. Mtu wake alikuwa anaondoka, naye hakutaka kwenda mbele na wengine." Mimi nilikuwa nasikiliza nusu na nusu. Wifi alikuwa anainuka kufuata maji ya kunywa, na jagi liko mezani limejaa. Nikaona ni yale yale yake.

Basi utafiti ukawa shahada, shahada ikawa kitabu, na kitabu kikazaa maonyesho. Ukumbi mzima wa vyombo vya pande zote za dunia, na mtungi ule katikati. Matangazo yenye picha ya ndege yule yakabandikwa hadi kwenye ukuta wa duka tunakonunua sabuni. Mimi nikapewa kazi ya kushona vitambaa vyeusi vya kufunika meza, mita mia na kumi, nikafurahi sana.

Wifi hakufurahi. Wiki mbili kabla ya ufunguzi alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha cherehani yangu dirishani, kesho yake akairudisha. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu alipoanza kuung'oa msumari wa kalenda, nikazima cherehani.

"Wifi, una nini?"

"Yule ndege ni wangu."

"Wako vipi?"

Akanisimulia amesimama, msumari mkononi. Ijumaa, karatasi, plasta, kadi tupu. Nikamsikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi mimi nimeshasahau. Umebaki peke yako."

Sikuwa natania. Nilimwambia umebakiza miaka mitatu ustaafu, utamwaga unga kwa sababu ya ndege? Na yule mtoto, utamvua nguo mbele ya wageni, na kitabu kimeshachapwa? Ndege atazame huku, atazame kule, nani atakufa? Akanijibu kwamba mwanafunzi mwingine atasoma kitabu hicho, naye ataandika chake juu yake, na mwingine juu ya huyo, na wote watakuwa wanamsoma yeye wakidhani wanamsoma mtu wa miaka elfu mbili. Nikamwambia watakuwa wamesoma kitu kizuri. Hapo akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akarudi kwenye msumari wake.

Wiki iliyofuata alikwenda ofisini kwa Daktari mara tatu ili aseme. Mara ya kwanza alirudi na stepla ya kuazima. Mara ya pili alirudi na salamu zangu. Mara ya tatu Daktari alimkumbatia, akamwonyesha ukurasa wa kwanza wa kitabu, palipoandikwa kwamba kinatolewa kwa mama aliyemfundisha kutazama. Alirudi nyumbani akapiga deki chumba changu bila kuombwa.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mchana, nilikuwa ukumbini nimepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, napinda kitambaa cha meza ya katikati. Mafundi wa taa walikuwa wamekwenda kula. Daktari alikuwa juu ya ngazi anasawazisha maandishi ya ukutani. Wifi akaingia na aproni yake ya kazi, mkono mmoja pamba, mkono mwingine kichupa cha spiriti.

"Mwanangu, shuka."

Daktari akashuka anacheka, gundi imemganda kwenye vidole. Wifi akailowesha pamba, akampa.

"Mfute jicho huyo ndege wako."

"Mama, acha utani. Mtungi huu una miaka elfu mbili."

"Mtungi ndiyo. Ndege huyo ana miaka tisa."

Daktari akamtazama, akanitazama na mimi, na mimi nikatazama pini zangu. Akaisogeza pamba taratibu, akaligusa jicho. Pamba ikarudi nyeusi na jicho likawa doa jeupe. Akachukua pamba nyingine, akailowesha mwenyewe, akamgusa ndege jirani. Ile ikarudi safi. Akarudia kwa jirani wa pili, nayo ikarudi safi. Ndivyo alivyofundishwa kuhakikisha, na aliyemfundisha alikuwa amesimama mbele yake.

"Miaka sita, mama," akasema. "Jumapili ngapi hizo? Kwa nini hukuniambia?"

Nilijua jibu litakuwa kazi. Nilikuwa nimejiandaa hata kumsaidia, niseme hofu ya kufukuzwa, niseme ujane, niseme mimi ndiye niliyemshauri. Nilikuwa natoa pini mdomoni ndipo wifi akaongea.

"Ile Ijumaa mume wangu alikuwa anakufa. Alipokufa walikuja watu wengi. Walileta viti, walileta vyakula. Wifi yangu huyu alikuwa na kilio chake, kila mtu alimkimbilia yeye. Mimi nikawa natafuta masufuria ya wageni. Nikarudi kazini, hakuna aliyeniuliza. Halafu ukaja wewe, hata hunijui, ukatazama kitu nilichokikosea ukasema mwenye mikono hii alikuwa na msiba." Akaufunga kichupa, akakifungua tena. "Nilitaka useme tena. Kila Jumapili nilitaka urudie."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ni kweli, nililia mimi. Nililia nyumbani mle kama vile kaka yangu alikuwa wangu peke yangu, nikaletewa maji, nikapepewa, na aliyekuwa ananiletea maji ni yeye. Nilidhani hakai kwa sababu hakuumbiwa kukaa.

"Kwa hiyo ukaniacha niandike kitabu kizima," Daktari akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuamini kuliko walimu wangu wote."

"Najua."

Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alimfuta ndege yule mwenyewe, bawa, shingo, miguu, akatumia pamba nne, machozi yanamtoka na hayapangusi. Alipomaliza pakabaki kiraka cheupe chenye ukubwa wa kiganja. Kisha akaenda kwenye boksi lake, akatoa kadi ya mtungi, kadi ile ile iliyokuwa tupu, akamwekea wifi mezani juu ya kitambaa changu pamoja na kalamu.

Wifi akaandika ameinama. Plasta. Rangi ya kuyeyuka kwa spiriti. Tarehe ya ile Ijumaa. Jina lake. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika sentensi mbili, na kwa kuwa nilikuwa pale chini nikaziona zikiandikwa: Ndege aligeuzwa kwa makosa ya karatasi. Fundi alikuwa na mgonjwa.

Daktari akaichukua kadi, akaisoma amesimama, akairudia.

"Hiyo ya mwisho haiandikwi kwenye kadi," akasema. "Si ya kitaalamu."

"Basi ifute. Kalamu hiyo hapo."

Daktari hakuichukua kalamu. Aliichomeka kadi kwenye faili kama ilivyokuwa, akaikunja ngazi, akaibeba kwenda nje kubandua matangazo ya mlangoni. Wifi akamfuata ili amshikie ngazi, naye hakumwambia aondoke.