Karo Letu na Kisima cha Jirani

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini siku mama jirani aliposimama kwenye ua akaniambia, "Dada, maji ya kisima changu yananuka, nadhani ni choo chenu," mdomo wenyewe ulinikauka.

Niliolewa Kasulu nikitokea Tanga, na huyu mama ndiye aliyenipokea. Waha wa huku hawana salamu za mbio. "Mwakeye," halafu anakushika mikono yote miwili, anakuuliza umeamkaje, watoto, mume, mpaka kuku, na ole wako ukatishe! Mwanzoni niliona ananichelewesha kufungua duka. Baadaye nikawa nisiposalimiwa hivyo, naona hakujakucha. Basi tangu siku ile ya kisima akawa ananipungia mkono kwa mbali na kuingia zake ndani. Nililia, jamani. Nililia huku nampimia mteja sukari.

Maana nilihofia ni kweli. Fundi aliyejenga karo letu la choo alikuwa na haraka, mume wangu akamwamini tu, na mimi nikapanda migomba juu yake kama wengi wanavyofanya hapa, kwa kuwa ndizi za hapo zinanenepa. Hata mfuniko hatukujua tena uko wapi. Kama ukuta umepasuka, tumemnywesha mwenzetu uchafu wetu. Hilo unaliombea radhi kwa maneno gani?

Nikamwita bwana afya. Mume wangu akaguna, "Akija ataukuta ubovu."

"Na aukute basi, tuujue!"

Tukakata migomba miwili yenye mikungu, roho ikiniuma, tukachimba mpaka jembe likagonga zege. Mama jirani alikuwa upande wake wa ua, amekunja mikono.

Mfuniko ulipofunguka bwana afya akamulika na tochi, akainama hadi mimi niliyesimama mbali nikaziba pua. Wee! Nilisoma dua zote ninazozijua. Mwisho akainuka.

"Maji yamesimama usawa wa bomba la kutokea. Karo lingekuwa linavuja, yangeshuka. Kuta ni nzima, na shimo la kunyonya maji liko huko bondeni, chini kuliko kisima. Karo lenu halina neno."

Nikakaa chini palepale kwenye udongo. Alhamdulillahi!

"Sasa kisima kinanuka nini?" mama jirani akauliza kutoka ng'ambo.

Bwana afya akasema twende, achukue maji akayapime. Mama jirani akavuta kamba mwenyewe. Chombo kilichopanda kilikuwa nusu ya dumu la plastiki lenye wekundu ulioganda pembeni, na juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta. Nikainamisha pua. Mawese nauza dukani kwangu kila siku. Yakichacha nayajua hata nikiwa usingizini.

"Mama, hiki umekitoa wapi?"

Kumbe ndoo yake ilipasuka, akakata dumu lake la mawese, akaliosha kwa sabuni na majivu, akaridhika. Nani asiyejua mawese yanavyong'ang'ania? Sote tunajua, na sote tunakata madumu. Alikitazama kile chombo, akanitazama mimi, akajifunika uso kwa kitenge. Bwana afya ndiye aliyeanza kucheka. Akatuonya tuchemshe maji hata hivyo, akaenda zake na chupa ya maji ya kupima. Mimi nikaenda dukani nikamletea ndoo mpya.

Asubuhi yake, kabla sijatoa kufuli la duka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwakeye."

Akanishika mikono yote miwili. Akauliza nimeamkaje. Akauliza watoto, mume, kuku. Nyuma yake mteja wa sukari alikuwa anakohoa kwa makusudi. Kisha mama jirani akainamisha macho.

"Na karo, limeamkaje?"

"Limeamka salama, mama," nikasema, na mikono yake sikuiachia.