Sindano Mkononi mwa Baba

Baba yangu alijifunza kudarizi kofia akiwa na miaka hamsini na kitu, baada ya mgongo wake kugoma. Kabla ya hapo alikuwa kuli bandarini, mtu wa kubeba magunia tangu ujana, mwenye mabega yaliyomlazimu kupita mlangoni kwa ubavu. Daktari alipomkataza kubeba chochote kizito kuliko ndoo ya maji, alirudi nyumbani kwetu Kariakoo akakaa barazani siku tatu, hasemi na mtu. Siku ya nne mama alitoka akamwambia, "Badala ya kuhesabu wapita njia, njoo uani unisaidie."

Mama alikuwa akidarizi kofia tangu usichana wake. Alimpa sindano na kipande cha kitambaa cheupe, akamwonyesha mshono mmoja, basi. Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Sindano ilipotea katikati ya vidole vile, na kila alipojichoma aliacha tone la damu kwenye kitambaa. Mama alikifua, akamrudishia. Haukupita mwaka, mshono wa baba ukawa mzuri kuliko wa mama, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiri.

Kila siku baada ya sala ya alasiri walikaa kwenye mkeka, kivuli cha ukuta kikiwa kimefika upande wao. Hawakuzungumza sana. Baba akivuta uzi alitoa mvumo mdogo kooni, hata yeye nadhani hakuwa akijua kama anautoa. Wapangaji wetu waliopita kwenda bombani walipunguza sauti wenyewe. Sijapata kumwona baba ametulia namna ile, si kabla wala baada.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na uzi mzuri haupatikani kabisa. Baba alifumua nyuzi za mifuko ya unga, akazifua, akazianika kwenye kamba ya nguo, kisha akazizungushia kwenye kijiti. Kazi hiyo ilimla siku nzima na hakulalamika. Hata kule kufumua alikupenda.

Mimi nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni ukarani katika shirika moja la umma, navaa suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na nilitaka wenzangu wamjue baba kama nilivyomjua mimi utotoni: mtu ambaye watoto wa mtaani walimfuata kumtazama tu anavyotembea. Mtaani kwetu kudarizi kulihesabika kazi ya wanawake. Nilipotoka kazini nilipita uani haraka, nikasalimia, nikaingia chumbani. Sikuwahi kuchutama nikatazama anachokifanya.

Jumamosi moja wenzangu watatu wa ofisini walikuja bila taarifa. Walikuwa wametoka Jangwani kutazama mpira, koo zimewakauka. Kabla sijawakaribisha vizuri, mmoja alishapita ukumbini mpaka uani kuomba maji, na wengine wakamfuata. Mama alikuwa jikoni. Baba alikuwa peke yake mkekani, miguu ameinyoosha, kofia imefika nusu, sindano mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkekani."

Yule aliyetangulia ndiye aliyekuwa msemaji sana ofisini, mtu wa kuwabandika watu majina ya utani. Aliinama, akatazama kazi ya baba kwa karibu. "Mzee, kumbe wewe ni fundi wa kofia?"

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Leo naamini hakuwa na ubaya, alikuwa anauliza tu. Lakini mimi niliiona Jumatatu yangu yote pale pale, na jina nitakalopewa. Baba hajafungua kinywa, nikadakia, "Aa, wapi! Ni ya mama hiyo. Mzee anamshikia tu."

Baba aliinua macho akanitazama. Hasira yake nilikuwa naijua, na ile haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyemwita mwenzake kwa mbali, kisha akagundua kwamba amemfananisha.

Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja mara mbili. "Ni kweli," akawaambia wale vijana. "Ni ya mama yao. Namshikia tu."

Aliinuka polepole, mkono mmoja ukutani kwa sababu ya mgongo, akaipeleka ile kofia jikoni. Wenzangu walikunywa maji, wakasifia ubaridi wa ua wetu, wakaenda zao. Jumatatu hakuna aliyelitaja jambo lile hata kidogo.

Alasiri iliyofuata mama alikaa mkekani peke yake. Baba alikuwa barazani, mikono juu ya magoti. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nilijidanganya kwamba amechoka tu, mpaka mama aliponishika mkono ukumbini.

"Nilikuwa jikoni nasikia," alisema. "Kumkana baba yako kwa kofia?"

Nilichoweza kufikiri ni kumtafutia uzi. Nilizunguka maduka ya Kariakoo yote, kila mahali hakuna. Mwisho niliingia duka moja mtaa wa Msimbazi, la mama mmoja mzee wa Kihindi, rafu zake karibu zote tupu. Naye akatikisa kichwa. Nilipokuwa nageuka akaniuliza, "Uzi wa nini?"

"Wa baba yangu," nikasema. "Anadarizi kofia."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo mbele ya mtu. Hakushangaa hata kidogo. Aliingia nyuma, akarudi na kibati cha biskuti chenye nyuzi zake mwenyewe, kwani naye alikuwa akidarizi nguo za wajukuu zake. Akanichagulia vibunda viwili vyeupe. "Anapenda kudarizi maua gani?"

Baba alikuwa amekaa uani mwetu miaka miwili na sindano, na mimi sijui alikuwa akidarizi nini.

Nilimpa ule uzi barazani. Aliupokea kwa mikono miwili, akaupima kwa vidole, nikaona kwamba ameupenda. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mpelekee mama yako."

Nilipompelekea mama nilimuuliza lile swali la dukani. Akafungua sanduku, akanitandikia kofia zote za baba mapajani. "Haya si maua," alisema. "Ni mafundo ya kamba. Yale ya bandarini. Kila moja lina jina lake, alikuwa akinitajia." Nilimwomba anitajie. Alikuwa amesahau karibu yote.

Nilikusudia kumwomba baba radhi. Nilikusudia hivyo kwa muda mrefu mno. Mwaka wa mwisho wa maisha yake alikuwa mtu wa kitandani, na alasiri moja ya masika, mvua inagonga bati, nilivuta kigoda nikaketi karibu naye. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka kazini.

"Baba," nikaanza, "ile siku walipokuja wenzangu…"

"Yale yalikwisha," alisema, kabla sijafika popote.

Hapo nikajua kwamba hakusahau. Nilitaka kuendelea, nimwambie kwamba mimi ndiye niliyekuwa mtu mdogo siku ile, si yeye. Lakini alikuwa amefumba macho, nami nikakubali kwamba amechoka, kwa sababu kukubali hivyo kulikuwa rahisi. Baadaye aliomba maji. Nilimwinua kichwa nikamnywesha, nikamfuta kidevu, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mgeni.