Unga wa Kuuza na Unga wa Binti Yangu

Jina langu sitaandika, lakini kosa ni langu peke yangu. Hakuna mtu alinituma. Nimechoka kulibeba.

Mimi nilikuwa nasaga unga wa uji hapa upande wa Karurumo. Mtama, wimbi, soya kidogo. Nilikuwa naupakia kwa pakiti ziko na picha ya mtoto anacheka, nauza kwa maduka na kwa nasari moja ya watoto wadogo.

Mtama nalima mwenyewe. Ule msimu mvua ilikataa kuisha. Masuke yalianza kushika ukungu na mashina bado mabichi. Jirani akaniambia kuna watu huko Gachoka hunyunyizia ndengu dawa ya kuua magugu, zinakauka zote mara moja, wanavuna. Nikajaribu kwa mtama. Shamba likakauka kama limepitiwa na moto.

Mwenye duka la dawa alikuwa ameniambia wazi kwamba hiyo ni ya magugu, si ya kupiga chakula kikiwa karibu kuvunwa. Nilimsikia vizuri. Nikaitikia, nikaenda.

Sasa aibu yenyewe iko hapa. Nyuma ya nyumba nilibakisha kipande kidogo bila kunyunyizia. Huo mtama nilihangaika nao, jua likitoka nauanika, mvua ikija naukimbiza jikoni karibu na moto. Nikausaga peke yake, nikauweka kwa ndoo. Huo ulikuwa wa binti yangu.

Jameni, kama sikujua ni mbaya, mbona nilitenga?

Wawira, dada ya bwanangu, anafundisha kwa hiyo nasari. Ni yeye aliniombea hiyo kazi ya kupeleka unga. Siku moja alikuja kwangu na mtoto wake mdogo, akanikuta nikifunga pakiti. Mtoto akaanza kulia njaa. Wawira akainuka ampikie uji, akachukua pakiti moja kutoka kwa zile za kuuza.

Mdomo ukanitangulia. "Wacha hiyo, wifi. Tumia ya kwa ndoo."

"Kwani hii iko na nini?"

Nilitaka kusema ni ya zamani, lakini alikuwa amenikuta nikiifunga. Nikamwambia yote.

Hakunipigia kelele. Alikaa chini, akasema polepole, "Huko nasari mtoto akiacha uji kwa kikombe, ni mimi humwambia amalize."

Akabeba mtoto wake vile alikuwa na njaa, akaenda.

Wawira akaambia wenzake wa nasari, wazazi wakaitwa. Nilienda mwenyewe, nikasimama mbele yao nikasema nilichofanya. Wengine walinitukana, na hao ndio walikuwa rahisi. Mama mmoja, kijana wake alikuwa amesumbuliwa na tumbo muda mrefu, aliniuliza tu kama ni unga wangu. Nikamwambia sijui. Na kweli sijui mpaka leo. Daktari pia alimwambia hawezi kusema ni nini. Labda ni mimi, labda si mimi. Yule mama atakaa na hilo swali, na mimi ndiye nilimpa.

Maduka yalinirudishia pakiti zote, nikazimwaga kwa shimo nikafukia. Bwanangu hajaniacha, lakini nikimwekea chakula huangalia sahani kwanza. Wawira tukikutana kanisani ananipa mkono, anapita. Kwangu hajarudi.

Siku hizi nasagia watu mahindi yao. Wanasimama hapo karibu na mashine mpaka nimalize. Siwalaumu.

Wewe mkulima mwenzangu, wewe unapakia chakula cha watoto wa watu, kama iko chakula unaficha mtoto wako asile, usijidanganye kwamba hujui. Unajua. Wacha mvua ikuharibie huo mtama. Ukikuozea shambani utalia msimu mmoja tu. Mimi kila nikisikia mtoto wa mtu ameshikwa na tumbo, nakaa chini nangoja waje waniulize.