Goti la Mdogo Wangu Nililiumiza kwa Simu

Mdogo wangu hana tatizo la goti. Hajawahi kuwa nalo. Mimi ndiye niliyemzushia, na ninaandika hapa kwa sababu kumwambia ana kwa ana nimeshindwa.

Mnaijua ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaandika? Ukurasa wa timu yetu hapa Bukoba niliuanzisha mimi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi Hamugembe, na timu hiyo niliichezea kabla dogo hajajua kufunga kamba za viatu. Nikajiandika kati ya washambuliaji wa zamani. Wahariri wakanifuta, eti hakuna chanzo. Jasho langu lote lile, hakuna chanzo!

Kisha dogo akawafunga Muleba mabao mawili, tena kwao. Kabla sijamaliza chai, mashabiki walishamwandika kwenye ukurasa wangu, na vyanzo wakaweka. Wivu ulinishika jamani, nisiwadanganye. Uliniwasha kama upupu. Kule kijijini Izimbya mama anamsimulia yeye, kanisani wanamwombea yeye, hata wateja wangu wakaanza kuniita kaka yake fulani.

Nikachukua simu, nikaongeza sentensi moja tu: "Kwa sasa anasumbuliwa na goti." Nilitaka apungue kidogo, basi.

Haukupita muda, mtangazaji wa redio akaisoma hewani, na tovuti yao ikaiandika. Mama akasikia. Akapanda basi kuja mjini na majani yake ya dawa, akamkalisha dogo sebuleni kwangu, akaanza kumkanda goti zima kabisa.

"Mama, siumwi," dogo akacheka.

"Waitu mwana wange," mama akamwita mwanawe kwa Kihaya, "redio ikudanganyie nini?"

Mimi niko pale pale na kikombe mkononi, naangalia sakafu.

Kocha wa timu moja ya ligi kuu, aliyepanga kuja kumwona, akapiga simu kuulizia goti. Dogo akakana. Yule bwana akasema wachezaji wote hukana, akamchukua mwingine.

Dogo akaja dukani. "Kaka, wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Nifutie."

Nikafuta, yeye amesimama nyuma yangu. Ikarudishwa. Nikafuta tena, ikarudi na onyo: usiondoe taarifa yenye chanzo. Chanzo chenyewe ile redio, iliyonisoma mimi! Miaka yangu ya kweli ilikosa chanzo, uongo wangu umepata. Njia ya kuufuta ipo, niseme tu kwamba niliuandika mimi. Sijasema.

"Asante kwa kujitahidi, kaka," dogo akaniambia.

Siku hizi anacheza ndondo, mechi za mtaani tu, huko Muleba. Jumapili nilienda kumwona, nikamkuta anazungushia goti bandeji. Nikamuuliza ya nini.

"Labda lina tatizo nisilolijua," akasema. "Watu wote hao hawawezi kukosea."

Wenzangu, ukimwonea wivu ndugu yako, mnunie. Mtukane hata, atakuona na atakujibu, yataisha. Usimwandikie uongo mahali asipokuona. Utakuja kupiga magoti mbele yake kandokando ya uwanja, umeshika bandeji upande mmoja, yeye upande wa pili, anakuambia, "Kaza zaidi, kaka."