Diwani wa Jumatano

Kwa miaka ishirini na sita karani wa baraza la mji alifungua ukumbi kwa namna ileile. Alisukuma mlango kwa bega huku akiinua kitasa, maana mbao zilivimba zamani na hakuna aliyepata kuzipiga randa. Alifungua madirisha ya upande wa barabara, akayaacha ya upande wa ghala kwa sababu ya popo, akapangusa meza ndefu, kisha akaliweka daftari la mahudhurio mbele ya kiti chake na kalamu juu yake. Baada ya hapo hakusema neno. Karani wa baraza hana sauti. Huandika wanayosema wengine, husoma waliyosema mwezi uliopita, na akishikwa na chafya huomba radhi kwa kutikisa kichwa.

Diwani wa kata ya ng'ambo ya kijito alikuwa kaka yake, yule aliyemwachia ziwa. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa umeshasahau, kwa sababu ndani ya ukumbi hawakuwa ndugu. Dada alisema "Mheshimiwa diwani," kaka akasema "Karani." Wakishavuka kizingiti, yeye alikuwa "kaka" na mwenzake alikuwa "bibie," na ugomvi wao wa tangu utotoni uliendelea pale ulipoishia.

Desturi hiyo aliiweka kaka mwenyewe. Miaka kumi na minane nyuma, katika kikao chake cha kwanza, alichelewa kwa sababu mvua ilikuwa imefunika mawe ya kuvukia. Aliingia suruali imelowa hadi mapajani, viatu mkononi, madiwani wakiangua kicheko. Karani akaandika "yupo," kama walivyoandikwa wengine. Watu walipotoka, kaka akarudi, akaweka kidole juu ya jina lake.

"Niliingia saa ngapi?"

"Kaka, mvua yenyewe umeiona, na kijito kile..."

"Nimekuuliza saa, sijakuuliza kijito."

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Basi andika hivyo. Leo ukinifunika mimi, kesho utamfunika nani? Kitabu hiki kikidanganya mara moja tu, wape wauza karanga wafungie bidhaa zao."

Aliandika. Tangu siku hiyo hakuna diwani aliyechelewa bila dakika zake kuonekana, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kaka alikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa daraja la watu wa miguu. Hakutaka barabara wala magari. Alitaka hatua thelathini za mbao na chuma juu ya kijito kile ambacho wakati wa kiangazi mbuzi alikivuka bila kulowa tumbo, na wakati wa mvua kilibeba magogo. Mama yao alifia ng'ambo ile, amelala kwenye machela chini ya mti, akisubiri maji yapungue, na bati la zahanati liking'aa upande wa huku. Barazani kaka hakuwahi kulitaja hilo hata siku moja. Alitaja urefu wa nguzo, idadi ya wanafunzi na siku za mafuriko. Mwaka baada ya mwaka karani aliandika, "Hoja imeahirishwa."

Wenzake wakambatiza Mzee Daraja.

"Leo tuna mambo manne," mwenyekiti alipenda kusema, "na la tano ni Mzee Daraja, iwapo naye ni jambo."

Watu wakavunjika mbavu. Kaka alicheka pamoja nao mpaka akafuta machozi, kisha akasimama palepale na kuanza upya: "Mheshimiwa mwenyekiti, kuhusu kivuko..."

Mwaka huu, hatimaye, milango ilianza kufunguka. Mhandisi wa wilaya alikuja na kamba yake, akapima kijito, akasema daraja linawezekana. Mwenyekiti akaahidi mbele ya wote kwamba hoja itapigiwa kura kabla ya mvua. Lakini afisa wa wilaya akataka awe anahudhuria vikao, na Jumatano ilikuwa siku yake ya mji mwingine. Basi kikao kikahamishwa kutoka Jumatano kwenda Alhamisi. Karani alipeleka barua za wito kwa mkono wake. Ya kaka aliisoma naye, wakaibandika ukutani juu ya kitanda.

"Alhamisi," kaka akasema. "Nimesikia, bibie. Mimi si kiziwi."

Hakuwa kiziwi. Ila kulikuwa na jambo jingine lililoingia nyumba ile kimyakimya. Binti yake, aliyeishi naye tangu mama yake afariki, alikuta redio kwenye pipa la unga. Siku nyingine baba alimwita kwa jina la marehemu mkewe, akakasirika alipokosolewa. "Uzee huo, shangazi," binti alimwambia karani, na karani akaitikia, "Uzee tu," na wote wawili wakajua kwamba sivyo.

Siku moja kabla ya kile kikao cha kwanza cha Alhamisi, karani akiwa ofisini anachapa ajenda, alisikia mlango wa ukumbi ukisukumwa kwa bega na kitasa kikiinuliwa. Akaenda kuchungulia. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, cha tatu kutoka dirishani, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, kofia juu ya goti.

"Wenzangu wako wapi?"

"Kaka, kikao ni kesho."

"Humu ndani unaniita kaka?"

Akajirekebisha. "Mheshimiwa diwani, kikao ni kesho."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Basi?" Akamtazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Lete daftari nisaini."

Daftari la mahudhurio halifunguliwi ila siku ya kikao. Karani akavuta droo akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu ambalo aliandikia orodha za wino na karatasi. Akafungua ukurasa mtupu. Kaka akasaini, akaangalia saa ya ukutani, akaandika na saa. Akakaa wima hadi mchana, akisikiliza ukumbi mtupu. Mwishoni akainuka.

"Hakuna akidi," akasema. "Andika kwamba kikao kimevunjika kwa kukosa akidi. Wavivu wakubwa hawa."

Alhamisi hakuja. Karani alisoma jina lake mara mbili kama kanuni inavyotaka, akaandika: "Hayupo, bila udhuru."

Mwezi uliofuata yakawa yaleyale. Kaka alikuja Jumatano, akasaini daftari la bluu, akalaani uvivu, akarudi kwao juu ya mawe. Alhamisi kiti chake kikabaki kitupu. Na kanuni ya baraza haikuwa na mafumbo: diwani anayekosa vikao vitatu mfululizo bila barua ya udhuru yenye sahihi yake, kiti chake kiko wazi, na hoja yake inaondoka naye mpaka diwani mpya achaguliwe na kuianza tangu mwanzo. Kikao cha tatu ndicho kilichopangiwa kura ya daraja. Baada yake ni mvua.

Karani akakata shauri. Jumatano ya kabla ya kikao cha tatu, kaka alipokwisha kuketi na kusaini, alimwekea mbele barua aliyoichapa mwenyewe, mistari mitatu, pameachwa nafasi ya sahihi.

"Ni nini hii?"

"Udhuru, mheshimiwa. Kwamba hujisikii vizuri, hutaweza kuhudhuria."

Kaka aliisoma polepole, midomo ikicheza. "Bibie," alisema, akisahau kwamba wako ukumbini, "niombe radhi ya kutokuwepo nami nimekaa hapa? Nguo nimevaa, kijito nimevuka, daftari nimesaini. Nani mgonjwa, mimi au wewe?"

"Nisaidie tu, kaka. Saini."

"Nilikufundisha nini kuhusu kitabu hiki?"

Akaikunja barua mara nne, akaiingiza mfuko wa ndani wa koti, ili asipewe diwani mwingine.

Jioni hiyo karani alivuka mawe kwenda kwao. Kaka alikuwa amelala. Akamvuta binti pembeni ya jiko.

"Kesho mlete. Mlete kwa vyovyote. Hata kwa kumdanganya."

"Nimdanganye nini, shangazi?"

"Mwambie ni Jumatano."

Asubuhi madiwani walikaa wote isipokuwa mmoja. Afisa wa wilaya alikuwa bado njiani. Ilipofika saa nne mwenyekiti alitazama saa, akasema wangoje. Akasimama dirishani, mikono nyuma, akitazama barabara ya kijitoni. Mwanamume yule alikuwa mzaha mtupu miaka yote, lakini leo hakuwa na utani mdomoni. Robo saa ikapita. Nusu saa.

Kitasa kikainuliwa. Karani akageukia mlango. Aliyeingia alikuwa binti, peke yake, kanga imelowa pindoni.

"Amekataa," alisema, akimwangalia shangazi yake tu. "Nimemwambia ni Jumatano. Amesema Jumatano haziji mbili katika wiki moja. Amesema jana amesaini, ana shahidi."

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani, diwani wa kata ya sokoni, ambaye ndiye aliyelitunga lile jina la Mzee Daraja, aliinamisha kichwa akawa anachokoa uzi kwenye mkono wa shati lake.

Mwenyekiti akarudi kitini. "Karani," alisema kwa sauti ya chini, "soma majina." Kisha akavua miwani. "Unajua, macho yangu siku hizi... Nikivua hii sioni hata daftari lilipo. Na itanichukua muda kuifuta."

Akaanza kuifuta kwa ncha ya koti. Fundi cherehani akageukia dirisha. Mwingine akainama kufunga kamba za kiatu. Mmoja baada ya mwingine, watu wazima kumi na mmoja waliacha kutazama meza, na karani akabaki peke yake na kalamu.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Yupo. Herufi nne, kisha kura, kisha nguzo, mbao, hatua thelathini. Aliushusha mkono hadi kwenye karatasi. Akaona kidole cha kaka yake juu ya mstari, kucha yenye tope la kijito, akasikia: nimekuuliza saa. Angeandika ameingia saa ngapi?

Alilisoma jina. Akalisoma tena. Akaandika.

"Hayupo," akasema. "Bila udhuru."

Mwenyekiti akaendelea kuifuta miwani iliyokwisha kung'aa. Mlangoni binti aliziba mdomo kwa upindo wa kanga, akatoka bila kuaga. Afisa wa wilaya alipoingia, akipangusa vumbi na kuomba radhi, kiti kilikwisha kutangazwa kuwa wazi na jambo la tano lilikwisha kufutwa kwenye ajenda.

Binti hakuzungumza naye kwa wiki tatu. Alipozungumza alisema tu, "Herufi nne, shangazi." Mvua zikaanza. Wanafunzi wa ng'ambo wakabaki nyumbani.

Jumatano ya mwezi uliofuata kijito kilikuwa juu. Karani alijiambia kwamba leo hatakuja, akakaa akichapa, masikio yako mlangoni. Bega likasukuma mbao. Alimkuta kaka ukumbini amelowa hadi kiunoni, viatu mkononi, akitetemeka. Akamvua koti, akalitundika kitini, akamfunika mabega kwa mtandio wake. Katika mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa imegeuka uji.

"Nimechelewa," kaka alisema. "Andika dakika."

Akampa daftari la bluu. Kaka akasaini. Halafu badala ya kungoja akasimama, akashika ukingo wa meza, akakielekea kiti kitupu cha mwenyekiti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kuhusu kivuko. Leo sitasema urefu." Akaelekeza kidole dirishani. "Mama yuko upande ule. Tumemlaza chini ya mti na machela yake. Ananiuliza maji yamepungua, namwambia bado kidogo, mama. Dada yangu amebaki naye, mdogo bado, ila anajua kumpepea. Mimi nimevuka kuja kuwaambia. Tusikawie, waheshimiwa. Anasubiri."

Karani alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, kalamu mkononi. Alikuwa na miaka tisa siku ile. Aliikumbuka ile karatasi ngumu aliyompepea mama nayo, na namna alivyoendelea kupepea baadaye, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

"Wanaounga mkono," kaka alisema, akipitisha macho juu ya viti vyote, kimoja kimoja.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita karani alinyoosha mkono wake ndani ya ukumbi ule. Aliunyoosha juu kabisa, kama mtoto darasani.

Kaka alimwona. Akakunja uso, si kwa hasira, kwa masikitiko ya mwalimu.

"Shusha mkono, karani. Karani hapigi kura."

Akaushusha.

"Hakuna akidi," akasema kaka, na sauti yake ilikuwa imechoka. Akajiweka kitini, mtandio mabegani. "Andika: hoja imeahirishwa."

Aliandika.

"Tumefunga saa ngapi?"

Karani aliinua macho kuitazama saa ya ukutani. Ikabidi ayafute kwanza ndipo aione.

"Saa tano na dakika ishirini, mheshimiwa."

"Andika hivyo."