Ukoo wa Zebaki

Harufu ya kikaango kikavu kilichosahauliwa jikoni hunitoa chumbani mbio. Watoto wangu hunicheka, wanadhani naogopa nyumba kuungua. Moto mimi siuogopi. Harufu ile hunirudisha Igoma, kwenye jiko letu la uani lenye kidirisha kisichozidi daftari, nikiwa kidato cha pili na nikijiona hakuna nisichokijua.

Mama yangu alikuwa msusi. Wanawake walitoka mpaka Buswelu kuja kukaa kwenye mkeka wetu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikuumiza kichwa. Kaka yake, Mjomba Masanja, alichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na kila alipokuja mjini alileta vibonge vya kijivu amevifunga kwenye kitambaa. Hiyo ilikuwa dhahabu iliyonaswa na zebaki. Mama aliviweka kwenye kikaango juu ya mkaa, mlango ukiwa umefungwa majirani wasione. Zebaki iliondoka na mvuke, dhahabu ikabaki. Zebaki yenyewe haina harufu. Sisi tulichosikia ni chuma tu.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu wa mizaha. Alitundika jedwali la elementi ukutani akatuambia tusitishwe na Kiingereza chake, pale zimepangwa koo tu, kila safu ya kwenda chini na ukoo wake. Ukoo wa kwanza ni wakorofi. Alitumbukiza kipande cha sodiamu, kidogo kuliko punje ya mahindi, kwenye beseni la maji, kikakimbia juu ya maji kikipiga kelele, sisi tukaingia chini ya madawati. Ukoo wa mwisho ni zile gesi zisizochangamana na mtu, akazifananisha na wenye nyumba za mageti. Ukimjua mmoja, alisema, umewajua ndugu zake.

Nilimsimulia mama somo zima, naye akalipenda sana. Kwetu Usukumani mtu haozwi hivi hivi. Wazee hutumwa kwanza kuulizia ukoo ule una nini, kama una kifafa, wizi au uchawi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama aliona kwamba wazungu hatimaye wamesema jambo la maana, akacheka, akaendelea kusuka.

Wiki chache baadaye Mjomba alileta vibonge vingine, akakaa uani kusubiri. Mama akaniita jikoni. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Kabula, hii zebaki ni ya ukoo gani?"

Nilifurahi mno. Nilileta daftari nililonakilia lile jedwali, nikafuata safu kwa kidole. Juu kulikuwa na zinki. Zinki tuliijua! Ndiyo iliyopakwa kwenye mabati yetu, na mdogo wangu alipoharisha, zahanati ilitupa vidonge vya zinki. Chini yake paliandikwa kadimiamu, jina nisilolijua, nikaliruka. Halafu zebaki.

"Ni ndugu wa zinki, mama. Haina neno."

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao, tena kwa ile sauti ya mtoto aliyesomeshwa. Alinitazama kidogo, akafunga mlango, akapuliza mkaa.

Aliendelea hivyo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Ilianza na chai kumwagika kwenye kisahani. Halafu mistari ya nywele ikaanza kupinda, na wateja wakawa wanapata dharura mmoja baada ya mwingine. Yeye aliyekuwa mcheshi akawa mkali, akilia bila sababu. Majirani walisema amerogwa. Mjomba, masikini, akampeleka kwa mganga, mama akarudi na chale kwenye viganja vyote viwili.

Mwishowe tulikwenda hospitali. Nilisimama karibu na kitanda nimeshika mkoba wake, daktari akamuuliza kama amewahi kuchoma dhahabu. Akakubali. Daktari akamweleza kwamba basi ni zebaki iliyomharibu. Mama akakataa, kwa adabu zote.

"Hapana, daktari. Hiyo mwanangu aliniangalizia ukoo wake. Huyu anasoma."

Daktari akanigeukia. Nikatazama sakafu.

Mama bado yupo. Hata sindano ya kushonea haimudu tena, na nywele zake siku hizi namsuka mimi, vibaya, naye hunivumilia. Chuoni nilikuja kusoma kwamba kadimiamu niliyoiruka nayo ni sumu, na kwamba ndugu wa safu moja hufanana kwa mengi lakini si kwa yote. Wa juu anaweza kukuponya na wa chini akakuua. Kosa hilo nimejisamehe. Nilikuwa mtoto.

Lisilonitoka ni lile swali. Mama alikuwa amechoma vibonge mwaka mzima bila kuuliza lolote. Kwa nini aliuliza siku ile, na kaka yake yuko uani anasubiri? Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Lazima mikono ilikuwa imeshaanza kumtetemeka kabla sisi hatujaona. Alikuwa anaogopa, na kumkatalia kaka yake hakuweza peke yake; alihitaji mtu aliyesoma wa kumsingizia. Hakuniita pale nimfundishe kemia. Aliniita niseme hapana.